Programu Tatu na Dirisha la Dada

Katika ukoo wao jambo hili lilijulikana: mdogo wao wa mwisho hawezi kuchagua. Mpeleke sokoni akanunue nyanya, atazigeuzageuza mpaka muuzaji amuulize kama anatafuta nyanya au mchumba. Viatu vya shule alichaguliwa na dada yake. Hata kamera ya kwanza alichaguliwa na dada yake, ambaye hakujua chochote kuhusu kamera. Aliingia dukani, akazishika mbili kwa zamu, akasema, "Hii nzito. Tufungie hii," na mambo yakaisha. Kamera ile ilidumu miaka mingi.

Watu walimwita Bi Fremu. Jina alilipata ujanani kwa tabia yake ya kuunganisha vidole vya mikono miwili vikawa kijidirisha, kisha akachungulia humo kila kitu kilichompendeza: mlango uliobanduka rangi, paka juu ya ukuta, bibi harusi anayelia. Alianza na picha za vitambulisho na za harusi. Simu zilipojifunza kupiga picha nzuri, wateja walipukutika mmoja mmoja, akafunga studio, na kile kitambaa cheupe cha ukutani akampa dada yake akakate bitana za makoti.

Kilichomwokoa ni nyumba. Madalali walihitaji picha za vyumba vya kupangisha na kuuza, za kuweka mtandaoni, na kwa kazi hiyo simu zao zilikuwa zinawaumbua. Bi Fremu naye mwanzoni aliumbuka. Chumba kina giza na dirisha linawaka. Ukiifungulia kamera mwanga ili sofa ionekane, dirisha linageuka weupe mtupu. Ukiibana ili bustani ya nje ionekane, chumba kinakuwa pango. Kulikuwa na dalali mmoja, mwanamume mnene mwenye suti moja na maneno elfu, ambaye alimpigia simu siku hiyohiyo alipotumiwa picha.

"Bi Fremu, mteja ananiuliza kama hii nyumba ina umeme."

"Si ni mchana, jamani? Taa za nini?"

"Ndiyo hivyo. Na ile bustani niliyoisifia iko wapi? Umenipigia shuka limeanikwa dirishani."

Basi akaanza kuulizauliza, akagundua kwamba wenzake wa kazi hiyo hawapigi picha moja. Wanaweka kamera juu ya stendi, wanapiga tatu bila kuisogeza: moja ya giza, moja ya kati, moja ya mwanga mwingi. Halafu programu ya kompyuta inazichanganya, inachukua dirisha kutoka hii na sofa kutoka ile, na kutoa picha moja ambayo ndani na nje vinaonekana kama jicho linavyoviona. Wenyewe wanaiita HDR. Kupiga alijifunza upesi. Balaa lilikuwa kuchagua programu.

Zilikuwa nyingi, akazipunguza mpaka zikabaki tatu, na kila moja iliruhusu kujaribiwa kabla ya kununuliwa. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ukarimu. Kwa Bi Fremu ulikuwa mtego.

Alihitaji chumba cha kujaribia, na chumba kigumu kuliko vyote alivyovijua kilikuwa karakana ya dada yake.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mama yao alipofariki, Bi Fremu akiwa bado anabebwa mgongoni, Dada aliacha shule, akaketi kwenye cherehani ya jirani, na hakuinuka tena. Kwa cherehani alimlisha mdogo wake na kumsomesha. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu cha chini, mbele kikiwa na dirisha moja kubwa la kioo linalotazama barabara, nyuma kikiishia kwenye rafu za vitambaa ambako hata mchana ulihitaji kupapasa. Cherehani ilikaa palepale dirishani. Alasiri jua liliingia moja kwa moja, likaangukia meza, chaki, futi, pini zilizomwagika, na mikono ya Dada.

"Hapa programu ikishindwa, imeshindwa," Bi Fremu alimwambia siku ya kwanza akifungua stendi katikati ya chumba. "Ikiweza hapa, itaweza popote."

"Na mimi nitoke?"

"Wewe endelea kushona."

Dada alifurahi. Picha za harusini alikuwa nazo, amekaa kama waziri, lakini ya kazini hakuwahi kupigwa hata moja. Kwa muda mrefu alikuwa anataka aitundike ukutani, juu ya rafu, wateja wakiingia waone fundi mwenyewe. Alikuwa amemwambia mdogo wake mara nyingi, kwa mzaha na bila mzaha: "Umepiga picha dunia nzima, mimi uliyenililia mgongoni umeniruka."

Programu ya kwanza ilipenda rangi. Vitambaa rafuni viling'aa kama pipi, ukuta wa kijivu ukapata zambarau usiyojua imetoka wapi. Na kwa kuwa Dada hakutulia kati ya picha ya kwanza na ya tatu, programu ilimchanganya: vichwa vitatu vilivyoingiliana, mikono kama sita, na uso uliopitisha mwanga, nyuma yake unaona kitasa cha mlango.

Dada aliitazama akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya ndiyo matumizi ya shule niliyokulipia! Umenifanya jini."

"Hata wenyewe wanaiita mizimu. Kitu kikitikisika kinageuka mzimu."

"Basi tafuta programu ya Waislamu na Wakristo, hii ya waganga irudishe."

Programu ya pili ilitoa rangi za kweli, ukuta ukawa ukuta, lakini kompyuta yake ya zamani ililemewa. Feni ilinguruma, mshale ukaganda, na picha moja ilichukua muda wa kupika na kula. Isitoshe ilitaka kulipiwa kila mwezi bila kukoma. Aliipenda, akaiogopa, akaiweka kando, akairudia.

Ya tatu ilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho. Ilizilinganisha picha tatu, na chochote kilichoonekana katika moja kisionekane mahali hapohapo katika nyingine, ilikihesabu ni uchafu, ikakifuta na kuziba pengo. Mpita njia dirishani, gari, pazia lililopepea: vyote vilikwenda. Kwa picha za nyumba hiki kilikuwa kitu cha thamani. Nani anataka kununua nyumba yenye mzimu dirishani?

Kuijaribu vizuri ilibidi kiti kiwe kitupu. "Dada, samahani, toka kidogo."

"Si ulisema niendelee kushona?"

"Ukikaa hapo inavurugika. Simama mlangoni, dakika moja tu."

Dada alisimama mlangoni, uzi mdomoni, gauni la mteja mkononi. Hakuweza kukaa bila kazi. Kila mara alikumbuka kitu, akapita mbele ya kamera kufuata mkasi au kifungo, akarudi kwa kunyata kama mwizi. Bi Fremu aliguna. Lakini programu haikujali. Picha ilipotoka, chumba kilikuwa safi, hakuna hata kivuli cha mtu.

"Niliporudi kuchukua mkasi mbona sionekani?"

"Imekufuta."

"Yaani mimi ndiyo takataka ya humu ndani?" Dada alisema, akicheka tena, na akarudi kwenye kiti chake. Bi Fremu naye alicheka, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

Majaribio yaliendelea majuma kadhaa. Alikuja alasiri na stendi yake, akapiga, akalinganisha, akalalamika. Leo alikuwa upande wa programu ya pili, kesho wa ya tatu. Shemeji yake, mume wa Dada, mtu mpole aliyekuwa dereva wa lori na sasa kastaafu, alimwambia siku moja, "Shemeji, mimi nilimchagua dada yako kwa muda mfupi kuliko huu."

"Na umejuta?"

"Mwulize yeye."

Kisha ikaja siku ambayo Bi Fremu hakuisahau. Alipofika karakana alimkuta Dada amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye kola iliyotulia kama imechorwa. Nywele zimesukwa upya, hereni masikioni. Alikuwa ameketi kwenye cherehani na kitambaa cheupe chini ya sindano, mkono mmoja juu ya gurudumu, na alikuwa ametulia. Dada ambaye hakuwahi kutulia alikuwa ametulia kabisa.

"Leo nipige," alisema bila kugeuza shingo. "Nimejifunza. Sitikisiki hata nikikohoa."

Bi Fremu aliunganisha vidole, akachungulia. Kisha akatazama nje. Mawingu yalikuwa yametanda, mwanga ulikuwa umelala.

"Dada, leo jua hakuna."

"Jua la nini? Mimi si nipo?"

"Nataka ile miale ya alasiri ikuangukie mikononi. Halafu programu yenyewe sijaamua. Nikikupiga sasa nikaichanganya na ile ya majaribio, itakuja na maandishi ya majaribio juu yake, kwa kuwa sijailipia. Nataka yako iwe nzuri kuliko zote. Wiki ijayo, Dada. Nakuahidi."

Dada alibaki vilevile kidogo, kama anayesubiri maneno mengine. Kisha akavua hereni, moja baada ya nyingine, akaziweka ndani ya kopo la vifungo. "Haya, mdogo wangu," alisema, na cherehani ikaanza kulia.

Wiki iliyofuata dalali alipata jengo zima la kupangisha. Bi Fremu aliamua kwa kusukumwa, kama ambavyo aliamua mambo yote maishani mwake: alinunua ile ya tatu, ile inayofuta. Picha zilimpagawisha dalali. "Bi Fremu, hapa nimeona bustani, nimeona sofa, nimeona mpaka maisha yangu ya mbele!" Kazi zikafuatana. Kompyuta ikajaa, ikaanza kukataa kuhifadhi. Akiwa na haraka, alifungua mafaili ya majaribio ya karakana, akachanganya upya chache kwa programu aliyoinunua, akazibakisha hizo, akafuta zote za awali, zile mbichi za tatutatu, na kumwaga pipa la taka. Alijisikia kama mtu aliyefagia nyumba.

Dada alimuuliza mara mbili hivi kwa simu. "Ile picha yangu vipi?" Naye akajibu, "Nikimaliza jengo hili." Jengo likaisha, likaja lingine.

Kiharusi kilimpata Dada asubuhi, kazini, akiwa amepiga magoti anampimia mteja upindo wa sketi. Mteja alisema baadaye kwamba aliona pini zinamdondoka mdomoni moja moja, akadhani anatania. Alipoinama kumtazama, upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka.

Hospitalini walifanya waliloweza. Dada hakufa, na kila aliyekuja kumtazama aliwaambia wamshukuru Mungu, wakamshukuru. Lakini mkono wa kulia ulilala pembeni kama wa mtu mwingine, mdomo ulivutwa upande, na maneno yalitoka kwa kusukumwa. Miezi ikapita. Mwenye jengo alikuwa mtu mwema, alisubiri, lakini hatimaye karakana ilibidi irudishwe. Shemeji aliuza cherehani kwa fundi wa mtaa wa pili. Vitambaa vya wateja vilirudishwa kwa wenyewe, vingine nusu vimekatwa, alama za chaki bado ziko juu yake.

Siku moja shemeji alimwita Bi Fremu uani. "Yule mtaalamu wa mazoezi anasema mgonjwa akijiona akifanya kazi yake ya zamani, inasaidia. Kichwa kinaukumbuka mkono. Nimetafuta picha ya dada yako kwenye cherehani, sina. Nikajisema, huyu shemeji yangu alishinda kule na kamera majuma mangapi? Lazima anazo za kumwaga."

"Ninazo," Bi Fremu alisema, akaaga upesi.

Nyumbani alifungua kompyuta. Picha zilikuwepo, na zilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza. Rafu za nyuma zilionekana, ungeweza kuhesabu mikunjo ya vitambaa. Kupitia kioo barabara ilionekana na jengo la ng'ambo na anga lake. Jua lilianguka juu ya meza, juu ya chaki na futi. Kiti kilikuwa kitupu. Alifungua nyingine, kiti kitupu. Nyingine, hivyohivyo. Kila mara Dada alipopita kufuata mkasi, programu ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu.

Alimkimbilia fundi wa kompyuta, kijana mtaratibu aliyejua kurudisha vitu vilivyofutwa. Fundi alihangaika nayo siku nzima. "Dada yangu," alisema mwishoni, "ungeniletea siku ulipofuta, ningezipata. Sasa umeshaweka picha za nyumba za watu pale zilipokuwa."

Kilichopatikana kilikuwa kimoja tu, kwenye kona alikosahau kufagia: jaribio la programu ya kwanza, ile ya rangi za pipi. Neno la majaribio limepigwa mshazari toka kona hadi kona. Chini ya neno hilo, vichwa vitatu vya Dada, mikono mingi, na mdomo uliofunguka nusu, labda alikuwa anasema kitu. Bi Fremu alijaribu kuisafisha kwa kila programu anayoijua. Akiufuta mkono mmoja, wa pili ulibaki hauna bega. Akizidisha, Dada alipotea kabisa.

Mwishowe alizichapisha picha tatu za chumba kitupu, akaenda nazo. Ile ya mizimu aliiacha ndani ya mkoba.

Dada alikuwa ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo. Alizipokea kwa mkono wa kushoto, akaziweka mapajani, akazitazama moja moja bila haraka. Kidole chake kilitambaa juu ya rafu, juu ya meza, kikafika kwenye kiti, kikasimama.

"Chumba... kizuri," alisema. Akapumzika. "Mimi... niko wapi?"

Bi Fremu alikuwa amejiandaa kueleza habari za programu. Alikuwa na maneno yake tayari, ya mwanga, ya kutikisika, ya mafaili. Akayaacha yote. "Nilikufuta, Dada."

Dada aliendelea kutazama picha. Shemeji, aliyesimama mlangoni, alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

"Si... ungenipiga... hata na simu?"

Hakuyasema kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua kweli, na hilo ndilo lililomfanya Bi Fremu ainame na kulia kwenye shuka, kama alivyokuwa akilia utotoni, na mkono wa kushoto wa Dada ukaja kichwani mwake, ukawa unampapasa vibaya vibaya, kwa kuwa haukuwa mkono uliozoea.

Alipotulia alifuta uso, akasema kwa haraka, kama mtu anayewahi mlango usifungwe, "Nikupige sasa. Hapa hapa. Kamera ninayo."

Dada alivuta upande wa kanga, akafunika mdomo wake uliokwenda pembeni. Akatikisa kichwa. Bi Fremu alikuwa ameshafungua mkoba, akaufunga.

Aliomba tena mara kadhaa miezi iliyofuata, kwa namna tofauti, na mara zote kanga ilipanda. Baadaye akaacha kuomba.

Kazi hakuiacha. Angeiachaje, ndiyo iliyomlisha. Siku moja dalali alimtumia anwani ya chumba cha biashara kilichokaa wazi muda mrefu, na Bi Fremu alifika mlangoni kabla hajaelewa kwamba miguu yake inaijua njia. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi mpya. Sakafuni, pale cherehani ilipokuwa, palibaki alama nne za vyuma. Alifungua stendi, akasubiri jua lishuke, akapiga ya giza, ya kati, ya mwanga. Dalali aliangalia kioo cha kamera juu ya bega lake.

"Hiki chumba umekijulia, Bi Fremu! Mara moja tu, umemaliza."

"Nimekizoea," alijibu, akakunja stendi.

Kutoka pale alikwenda kwa Dada moja kwa moja. Alimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, anasubiri mtu wa kumtembeza, kwa kuwa shemeji alikuwa amekwenda kufuata dawa.

"Umetoka... wapi?"

Angeweza kusema kazini, akanyamaza hapo. "Kwako," alisema. "Karakana. Wanaipangisha, nimeenda kuipiga."

Dada alifikiri. "Anaingia nani?"

"Nasikia muuza simu."

"Haya."

Ndege walikuwa wanagombana juu ya paa la jirani. Dada aliunyoosha mguu wa kulia kadiri ulivyonyooka, ili avishwe kiatu, na Bi Fremu alichuchumaa akamvisha, akafunga gidamu, akamuuliza kama haimbani. Kisha alimshika kwapani, wakainuka pamoja, wakaanza kuuzunguka ua, ukuta hadi ukuta, polepole, Dada akitaja kila mahali palipo na shimo ili mdogo wake asikanyage.